Mukaba ya pa Kipaji na Usiku ya Lubumbashi

Yaya Kahambu, mukubwa yangu,

Nimekaa ku meza ileile yenye ulikuwa unachambulia maharagi yako. Bic ya kuandika ni ya mutoto ya jirani, karatasi nimeitosha mu cahier yake ya masomo. Unajua miye na kuandika: darasa ya sita, kisha shamba. Lakini niko na kitu mu roho, siwezi kuisema ku batu, na ku padri ninaogopa kuanza. Basi ninaanza na wewe.

Yaya, nilidanganya mutoto yako.

Masika alikuja siku ya dimanche kisha misa, amevaa kitenge yako ile ya bleu. Nilipomuona ku mulango nikafikiri ni wewe. Aliniamkia vizuri, akakaa, nikamupatia chai. Kisha akaniomba kitu moja tu: "Mama mudogo, mukaba ya mama iko wapi? Tunaanza kutosha pomme de terre, vile viazi, mu shamba kule Vuhovi, nilitaka kubebea ile yake."

Mukaba yako ya pa kipaji, ile kamba pana ya kubebea. Ile yenye ulisuka na mikono yako, yenye ulikuwa unaweka pa kipaji ya uso na kitunga inaning'inia ku mugongo, miaka yote, kupanda na kushuka. Ilikuwa mule mule mu nyumba, Yaya. Mu sachet, mufuko ya plastiki, nyuma ya picha ya Mama Maria, hatua tatu tu na kiti ya Masika. Na miye, mutu ya kushika rozari kila siku, nikamwambia: "Mutoto yangu, ilipotea siku ya matanga. Batu balikuwa mingi."

Aliniangalia. Akaangalia ukuta. Akasema, "Aah. Haina neno, mama mudogo." Akaenda. Chai hakumaliza.

Tangu ile siku sala yangu haipandi. Ninafika pa "utusamehe makosa yetu," kinywa inafungana.

Usifikiri niliinyima juu ya choyo. Kisha kukuleta kutoka hospitali ya Beni, kisha batu kumaliza kulia na kurudi kwabo, ile mukaba njo kitu yenye ilibaki na harufu yako: moshi, na ile mafuta ya mawese ulikuwa unapaka ku uso asubui. Usiku nilikuwa nafungua sachet kidogo, nanusa, nafunga haraka harufu isitoke. Ona sasa mutu muzima anafanya nini.

Huku kwetu Vulamba mambo imebadilika kidogo. Wameweka taa ya jua mu njia ya kwenda soko, sasa usiku mutu anaona fasi anakanyaga. Chorale ya kanisa imepata mukubwa mupya, anaanza wimbo juu sana, bamama bote tunabaki na midomo wazi bila sauti. Fasi yako ku banc ya kanisa, hapana mutu anaikalia. Si miye nimekataza. Banafika, banaangalia, banasogea mbele.

Zile taa za njia njo zilinikumbusha Lubumbashi. Juzi nilikuwa narudi ku sala ya mangaribi, nikaona kivuli yangu ndefu chini, nikakusikia kabisa: "Kavugho, vaa viatu."

Unakumbuka? Swali ya bure. Ulikuwa unawahadisia batu ile usiku ku kila harusi.

Paroisse, parokia yetu, ilitutuma sisi bawili ku mukutano ya bamama bakatoliki. Kupanda ndege, hapana mumoja wetu alikuwa amepanda. Tangu Beni ulishika rozari na mukono moja, na mukono ingine ulishika miye, mpaka kushuka nilikuwa na alama ya vidole vyako vitano. Siku ya pili, kisha kula, niko navua viatu nilale, wewe uko ku dirisha. Batu banapita mu barabara mingi mingi, batoto ku mabega, bamevaa kama Noeli. Ukashuka kuuliza soeur, mutawa wa ku mulango ya nyumba tulikuwa tunalala. Ukapanda mbio, kikwembe ya kulala bado kiunoni. Eti leo ma musée yote ya muji inafunguliwa mpaka katikati ya usiku, na kila mutu anaingia bure.

Hatukujua musée ni kitu gani. Miye nilifikiri ni namna ya soko; kumbe ni nyumba ya kuwekea vitu batu baangalie.

"Kavugho, vaa viatu."

"Yaya, ni saa ine ya usiku! Na sisi ni bageni huku."

"Njo sababu. Mugeni akilala tu, atarudi kwabo kuhadisia batu nini? Ndoto?"

Nikavaa viatu. Miye, kwako, nilikuwa navaa viatu kila mara.

Ya kwanza ilikuwa nyumba ya mawe. Mawe ya kijani, mawe ya rangi ya moto, kila moja mu kioo na taa yake kama mufalme. Ulizunguka mara moja, ukasema na ile sauti yako ya kuitia batu ng'ambo ya bonde: "Kwetu Lubero, jiwe ikitokea mu shamba, tunaitupia jirani!" Muzee moja mwenye lunettes ku macho alicheka mpaka akakohoa. Ukamupiga ku mugongo, pole pole, kama mutoto yako.

Ya pili njo ile. Tulifuata batu mu njia ya miti, tukaingia mu nyumba kubwa, na batu bengine bakabaki nje banasikiliza ngoma. Ndani, kimya. Giza kidogo, baridi kidogo. Vitu ya zamani pembeni mu vioo. Na mbele kabisa, juu ya ukuta, taa moja ndogo nyekundu inawaka.

Hukuuliza. Uliona taa nyekundu mu nyumba ya kimya, kama ile ya ku kanisa, ukajua Sakramenti iko pale, ukapiga magoti. Na miye nikapiga magoti nyuma yako, sababu wewe njo mukubwa. Bamama bawili benye balikuwa nyuma yetu nabo bakashuka chini. Sote bane, macho imefungwa, Salamu Maria.

Nilifungua jicho moja, nikaona viatu. Sentinelle, mulinzi, papa moja na kabuti ndefu, alikuwa amesimama pembeni, ametosha kofia, anangoja. Alitungoja mpaka ishara ya musalaba ya mwisho. Kisha akainama, akasema na sauti ya chini, kama mutu anatangaza kifo:

"Bamama, hii ni taa ya kamera. Inachunga mwizi."

Nilitaka dunia ipasuke niingie. Lakini wewe ulisimama, ukapangusa magoti, ukamuangalia mu macho: "Basi vizuri, papa. Tumemuombea mwizi. Naye iko na lazima ya sala."

Yaya, ile cheko! Papa wa batu alikaa chini. Alikaa chini kabisa, na kabuti yake.

Tangu pale alitembea na sisi kama ndugu. Na ni na yeye tulifika pa kile kioo. Kitunga. Kitunga ya kwetu kabisa, ya mugongo, na karatasi ndogo yenye imeandikwa fasi ilitokea. Mbali na nyumba vile, kuikuta mule, ilikuwa kama kukuta jirani mu hospitali. Na mukaba yake ilikuwa imefungwa kuzunguka tumbo ya kitunga, kama ceinture ya suruali ya mwanaume.

Uliacha kucheka. "Papa, nani alivalisha hii kitu hivi?"

"Mama, miye nachunga tu."

"Basi leo utajifunza." Ukatosha kitenge yako ya juu, ukaikunja ndefu, ukafunga sakosi yangu, ule mufuko nilikataa kuacha nyuma ku ugeni, ndani mule viatu yangu ya misa na Biblia, ukaiweka ku mugongo na kitenge pa kipaji. Ukainama kidogo, mikono mbele, ukatembea. Ulizunguka ile nyumba yote na ile mwendo ya kwetu ya kupanda mulima. Batu bakaingia kutoka ku ngoma kuangalia. Mutoto moja akaanza kukufuata nyuma, naye ameinama.

Uliposimama, papa aliona ile alama yako, ule mufereji pa kipaji. "Mama, hii ni kidonda ya zamani?"

"Hapana, papa. Ni batoto sita, masomo yabo yote. Ilipita hapa."

Papa alirudi kuangalia kitunga mu kioo. Kisha akasema, "Kesho nitawaambia bakubwa bavalishe kitunga vizuri."

Kabla ya kutoka ulirudia peke yako pa kioo, ukaweka mukono juu. Nikakuja kukuita. "Kavugho, hii imekufa."

"Nini imekufa, Yaya?"

"Mukaba. Ona rangi yake. Mukaba inakula mafuta ya ngozi ya mutu. Hapana kubeba, inakauka, inakufa. Hata kama wameiwekea taa."

Mu njia tukanunua karanga ya moto mu karatasi. Ukasema, kinywa imejaa: "Siku yangu ikifika, hapana kunifungia vitu yangu mu kioo, unasikia?" Nikakujibu, "Kula karanga." Tukacheka. Tukakuta soeur amesinzia ku kiti sababu ya kutungoja sisi.

Hapana kunifungia. Na miye nimefanya nini? Nimeweka mu sachet, nyuma ya picha, na taa ya bougie, mushumaa, mbele yake.

Ngoja, Yaya. Acha niweke Bic chini.

Nimerudi. Imepita siku tatu. Juzi nilipanda moto, pikipiki, mpaka pa njia inaishia, nikaenda na miguu, sachet mu kifua. Masika alikuwa mu shamba, matope mpaka magoti. Sikumuamkia hata. Nilimwambia yote nikisimama: haikupotea, nilidanganya, iko hapa.

Akapangusa mikono ku kitenge. "Mama mudogo, niliiona siku ile."

"Uliona nini?"

"Kipande yake ilikuwa inatokea nyuma ya Mama Maria. Nilisema mu roho, hapana kumukokota, ataileta mwenyewe."

Nilikaa chini mu mitaro ya pomme de terre, Yaya, kama yule papa wa kabuti. Lakini miye si na cheko.

Akafungia mukaba ku kitunga, akajaza, akainama, akaweka pa kipaji, akainuka. Ikakatika. Tak. Katikati kabisa. Pomme de terre ikateremuka yote mpaka ku mutaro wa maji. Niliona zile nyuzi, zilikuwa kavu kama majani ya paa. Ni miye niliiua, na ulikuwa umenionya.

Nililia vile sikulia ku matanga. Masika akaniacha nilie. Akakusanya pomme de terre moja moja. Kisha akalowesha mukaba mu maji, akaenda kuleta nyuzi mupya, akakaa karibu yangu, akaanza kusuka: akafungua kipande yako, akaingiza yake ndani, akavuta na meno. Vile ulikuwa unavuta na meno. Sikujua umemufundisha. Mangaribi, mukaba ilikuwa imeisha: pembeni ni yako, nyeusi, katikati ni yake, nyeupe.

"Wewe njo utabeba wa kwanza," akaniambia. "Ile njo penitensi yako, kitubio ya uongo. Padri atakupatia ingine."

Nilibeba mpaka ku barabara. Umri yangu hii! Shingo ilitetemeka, na yule mutoto yako nyuma ananitania: "Polepole, mama mudogo, usituangushie pomme de terre tena!" Nilipofika ku nyumba usiku, nikajiangalia mu kioo ya Papa Kambale, bwana yangu, ile ya kunyolea. Alama ilikuwa pale, nyekundu, kutoka sikio moja mpaka ku ingine. Sikunawa uso. Nikapiga magoti, nikasali Baba Yetu yote, na kinywa haikufungana.

Alama yako haikutoka pa kipaji hata mu sanduku ya kuzikia. Niliipapasa kabla ya kufunika. Yangu, asubui nikaamuka, ilikuwa imekwisha kupotea.

Basi Yaya, pumuzika. Samedi, jumamosi hii, nitakwenda kuungama, na kutoka pale ninapanda Vuhovi moja kwa moja, na kila samedi mpaka Masika atatosha pomme de terre ya mwisho. Nitabeba mpaka alama ikubali kubaki. Na picha ya Mama Maria sasa imekaa vizuri ku ukuta. Nyuma yake hapana kitu.

Mudogo yako mwenye kuvaa viatu,
Kavugho