Macho Yangu na Watoto wa Ploti

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku mtaani Baba Dogo, Nairobi, tu wazima. Babu yako analalamikia goti tu. Umeuliza kama umpe mtoto chanjo ya rota, yale matone ya kuzuia kuhara, maana huyaamini. Shuku naijua, mama. Iliwahi kuelekezwa kwangu.

Miaka ya tisini, tulipofurushwa shambani tukaja hapa, watoto wachanga wa ploti, hizi nyumba za kupanga za ua mmoja, walikuwa wakitapika na kuhara hadi utosi unabonyea. Majirani wakasema mimi mgeni nina jicho baya. Nikifika bombani, jirani yangu Mama Otieno aliwaambia wenzake, "Funikeni watoto, yule anakuja."

"Nikitazama sufuria yako, nayo itahara?" nilimuuliza. Hakucheka.

Nikahamia kwa dada yangu, karibu na soko la Gikomba, mwezi mzima. Watoto waliugua vilevile. Mama Otieno akasema nimeyaacha macho yangu bombani.

Tangu matone yaanze kutolewa kliniki, ugonjwa ule tunauona mara chache. Juzi Mama Otieno alinipa mjukuu wake mchanga nimshike, bila kumfunika, akaenda kuteka maji.

Mpeleke mtoto.

Shosho wako