Mwalikaji Amepita Mlango Wangu

Kiponda,
Mji Mkongwe,
Unguja.
2 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Zuleikha,

Assalaam alaykum. Hujambo, na mnaendeleaje na hiyo mnayoiita baridi huko Muscat? Shemeji Mbarouk presha yake imetulia? Na Ulfat wetu, maandalizi yameshamchosha? Mimi alhamdulillah. Mikono ina nguvu, chakula nakipenda, miguu ndiyo vile vile ulivyoiacha. Barua hii nampa Munir anayesafiri kesho kuja huko, kwa sababu kwenye simu ukiniuliza hali huwa nishajibu "mzima" kabla sijafikiri.

Kiti cha magurudumu ulichoniletea ni kizuri, Mungu akulipe kheri. Talib seremala amenichongea ubao wa kuvukia kizingiti, basi mlangoni natoka mwenyewe. Taabu huanza nikishatoka. Pale njia inapobanwa na baraza ya jirani, mtu akiegesha vespa sipiti tena mpaka mwenyewe atafutwe. Mara nyingi yuko msikitini, nami nakaa hapo kumngoja amalize kusali.

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi moja kuulizia kitambulisho kipya. Mlangoni kuna ngazi. Karani, kijana mwenye adabu zake, akanifuata nje na kuniuliza mambo yangu yote pale njiani: umri, maradhi, mume alikufa lini. Aliporudi ndani, muuza kahawa wa pembeni akanipa pole ya mume. Sikujua nicheke au nilie.

Huku kwetu penye mteremko ni mahali pamoja tu, ile hoteli ya nyuma, nao umejengwa kwa ajili ya mabegi ya wageni. Siku nyingine napanda pale hadi ukumbini, kisha nashuka. Sina ninachokifuata, napenda tu kuingia mahali bila ya kumwomba mtu. Borafya, mlinzi wao, huniuliza, "Leo unalala siku ngapi, bibi?"

Watu si wabaya, Zuleikha. Wako tayari kunibeba. Lakini mimi mwanamke mzima, nibebwe na wanaume wa njiani, buibui limepanda magotini? Nilikataa mara ya kwanza, nikakataa na ya pili, na sasa hawaniulizi tena. Tangu sikukuu sijaingia nyumba ya mtu. Kukiwa na shughuli, jirani yangu Bi Mwanakheri huniletea sahani imefunikwa kitambaa. Nashukuru, naila. Pilau ya shughuli ukiila peke yako haina ladha, na mimi upweke umenichosha, sikufichi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Juzi baada ya laasiri nilisikia sauti ya Mwatima kwa Bi Mwanakheri. Unamjua, ndiye aliyeshika kazi ya kualika mtaani tangu mimi niiache. "Hodi wenyewe. Munaalikwa na Bi Zuleikha, harusi ya binti yake Ulfat, Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani, hapa hapa mjini Malindi, nyumba ya wazee wao, ghorofani." Nikajifunga kanga vizuri, nikasogea mlangoni kumpokea. Kwa desturi ilikuwa aanzie kwangu, mama mkubwa wa bibi harusi, lakini nilisema labda kapitiwa.

Nikaona kandambili zake zinapita. Nikamwita.

"Naam, bibi," akarudi, macho chini.

"Mimi hukuniona?"

"Nimekuona. Bi Zuleikha kanambia nisikutie uzito. Ngazi za kule mbaya, usije ukaona lazima." Kisha akasema, "Lakini sahani yako ntakuletea mwenyewe."

Nikamwambia ahsante.

Najua umenihurumia, umenionea imani, na imani yako siikatai. Lakini Ulfat alilala kifuani kwangu ulipokwenda Muscat mara ya kwanza. Mtaa mzima umealikwa kwenye harusi yake, mimi nimeahidiwa sahani.

Sikuombi uhamishe harusi, wala sitaki kubebwa. Nakuomba umrudishe Mwatima apige hodi kwangu, ayaseme maneno yote mpaka mwisho, jina la Ulfat na siku na mahali. Nitavaa, nitajifukiza udi, nitakuja hadi chini ya ngazi za nyumba ya wazee wetu. Hapo nikishindwa, nishindwe nimealikwa.

Nisalimie sana shemeji, na Hafiz na wanawe. Ulfat mbusu kwa niaba yangu. Mungu awalete salama na aijaalie ndoa yake utulivu na kheri.

Mwambie Mwatima asiogope kizingiti changu. Ubao wa Talib unamfaa hata mwenye miguu yake.

Ni mimi dada yako, ambaye haipiti siku bila ya kukutaja,

Ummukulthum