Siku Dada Alipobaki Kwenye Benchi

Jumapili, Arusha. Baridi imekaza tangu alfajiri na Mlima Meru haujaonekana kutwa nzima. Nimejifunika shuka, chai iko pembeni, viatu viko mlangoni na tope la kwa mama. Nimechoka, ila ni uchovu mzuri.

Leo Anna, binti wa dada yangu Elinami, amepata kipaimara. Nilikuwepo kanisani mwanzo hadi mwisho.

Kwa asiyenijua, sentensi hiyo ni ya kawaida tu. Kwangu mimi siyo.

Nina ugonjwa wa hofu. Ulinianza ghafla nikiwa kwenye foleni benki: moyo ukaenda mbio, mikono ikafa ganzi, nikajua nakufa. Vipimo vya moyo vikatoka safi. Badala ya kufurahi, nikaenda kupima kwingine, na kwingine tena. Nilitafuta ugonjwa nisio nao ili nisiambiwe ninaumwa huu nilio nao.

Kisha nikaanza kuacha vitu. Benki. Soko. Kwaya. Kila nilichokiacha kilinipa nafuu siku ile, halafu dunia yangu ikapungua. Nilipopewa dawa, nikaziacha mara tu nilipojisikia vizuri, bila kumuuliza daktari, nikarudi pale pale. Mama akasema nina mawazo mengi, nimwombe Mungu. Nilimwomba, na bado nilitetemeka, nikaanza kudhani imani yangu ndiyo ina kasoro.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote kilikuwa wema wa dada yangu.

Naona vibaya kukiandika.

Elinami ana saluni kule Kisongo. Nikimpigia simu, anamwacha mteja na kichwa kilichosukwa nusu, anakuja kunichukua. Kanisani tulikuwa tukikaa karibu na mlango, yeye ameshika chupa yangu ya maji. Nikimtazama tu, anainuka, tunatoka. Nilimpenda kwa hilo, na sikuwa napona.

Mshauri wangu wa kliniki aliomba tuje wote wawili. Akamwambia dada kwa upole, "Kila unapomtoa, unamthibitishia kwamba mle ndani kweli kulikuwa na hatari."

Dada akalia. "Sasa nimwangalie tu akiteseka?"

"Kaa naye. Ila usimtoe."

Tukakubaliana hivyo, sisi watatu. Kukubaliana kulikuwa rahisi.

Leo Anna alitaka nikae mbele, kwenye benchi la familia. "Mama mdogo, nataka nikigeuka nikuone," aliniambia. Ningemkataliaje? Kanisa likajaa mpaka watu wakasimama nje. Watoto walipoanza kuitwa majina, kifua kikanibana. Mlango ulikuwa mbali, njia yote imejaa watu. Nikamtazama Elinami, kama siku zote. Akaniona. Anaujua uso wangu ule.

Hakuinuka.

Niseme ukweli, kwa muda mfupi nilimchukia. Halafu sikuwa na la kufanya zaidi ya lile nililofundishwa kliniki: nisipigane na hofu. Nikalegeza mabega, nikasikiliza majina. Hofu ikapanda mpaka nikaamini haitashuka. Ikakaa juu. Halafu, bila mtu yeyote kunifanyia chochote, ikaanza kushuka yenyewe.

Jina la Anna likaitwa. Nikamwona akipiga magoti na gauni lake jeupe, mkono wa mchungaji kichwani mwake. Aliporudi alinitafuta kwa macho, akanipata.

Nyumbani kwa mama, wageni wakiwa bado wanakula, nilimkuta Elinami nyuma ya jiko akiosha vyombo peke yake.

"Uliniona?" nikamuuliza.

"Nilikuona." Hakugeuka. "Nilishikilia benchi kwa mikono yote miwili. Angalia." Akanyoosha kidole chenye mapovu. Kucha ilikuwa imekatika. "Mdogo wangu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa."

Tukacheka, halafu tukalia. Mama akatukuta hivyo hivyo.

"Mnalia nini siku ya sherehe?"

"Hali yangu ilinishika tena kanisani, mama."

Nikasubiri aseme ni mawazo. Akauliza, "Na ulikaa?"

"Nilikaa."

"Basi njoo nikuongezee loshoro," akasema, akanijazia bakuli la mahindi na maziwa mgando ambalo hata watu wawili wasingelimaliza. Nililimaliza.

Jioni, njiani kurudi kwangu Kaloleni, moyo ulinidunda tena, bila sababu yoyote. Zamani ningesema nimerudi nyuma, kazi yote bure. Nadhani hicho nacho kilikuwa kikwazo: nilisubiri hofu iishe kabisa ndipo nianze kuishi. Leo ilidunda, mimi nikaendelea kutazama migomba dirishani, tukafika.

Namshukuru Mungu kwa siku hii. Namshukuru mshauri aliyesema neno gumu kwa upole, na mama kwa swali lake moja. Elinami nitamshukuru vipi? Amenibeba muda wote huu, na leo amenipenda kwa kutonibeba.

Kesho nakwenda sokoni Kwa Mrombo, peke yangu. Nimempigia dada kumwambia. Nikamsikia akivuta pumzi, nikajua anataka kusema atanisindikiza.

"Haya," akasema. "Ukifika, niangalizie dagaa wazuri."