Mjukuu wa Mzee Ndolo

Susu,

Ile sinema ya Mzee Ndolo imekuja. Ile uliyokuwa ukiniulizia kila nikifika kutoka mjini Wote, hata kabla sijaweka mkoba chini. Nimeitazama yote, na nakuandikia nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo nivumilie kama ulivyozoea.

Haijafika kiwango, bibi yangu. Si mbaya ya kutupa. Mtu anaweza kuikalia mpaka mwisho bila kusinzia, vyombo vya angani vinapigana vizuri na rangi zake zinapendeza. Lakini ukikumbuka zile tatu za kwanza, vile tulivyokuwa tukisahau githeri jikoni mpaka inashika chini, hii ni chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Unakunywa kwa sababu umekaribishwa.

Nikuambie kwanza habari za nyumbani. Tulikuzika Kathonzweni, kando ya mbaazi zako, kama ulivyotaka. Mvua ilinyesha vizuri na mbaazi zikazaa mpaka jirani akaja kuuliza tulitia nini. Kisha tukarudi hapa Kitui kwa baba, ulipokaa miaka yako ya mwisho ukilalamika kwamba mji una kelele, na huku kurudi shambani hutaki kwa sababu hakuna stima ya televisheni. Mama yuko sawa. Ameanza kuimba tena akifua. Televisheni ilibaki imefunikwa kile kitambaa chako cha kufuma, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kukifunua.

Baba ndiye alinitia wasiwasi. Aliacha kuniita.

Unajua alivyokuwa akiniita. Kwa kuwa nina jina lako, Syombua, tangu nizaliwe hajawahi kunitaja kwa jina hilo; mtu hatamki jina la mama yake ovyo. Aliniita "mwaitu," mama, vile vile alivyokuita wewe. Akipaza sauti kutoka kwenye cherehani yake pale barazani, "Mwaitu!", tulikuwa tunaitika sote wawili, wewe chumbani na mimi jikoni. Halafu unacheka unasema, "Nenda wewe, Syombua mdogo. Magoti yangu yamechoka." Mara nyingi alikuwa anakuita wewe, na ulijua vizuri sana.

Baada ya mazishi neno hilo likamkwama. Nikawa "wewe." Akitaka chai anamwambia mama, "Mwambie huyo msichana." Siku moja mgeni wa kanisani aliuliza jina langu, na baba akajibu haraka haraka, "Anaitwa Rhoda." Rhoda! Jina la cheti cha shule, hata paka wa nyumba hii halijui. Niliingia jikoni nikalia, sitakuficha. Nilijua hanichukii. Lakini nilihisi kana kwamba siku ile tulizikwa wawili, wewe na mimi, na nilitaka jina langu lirudi. Hilo tu. Sikujua linaombwaje.

Ndipo nikaenda kwa Abdalla, yule kijana wa duka la video karibu na msikiti. Alinipa pole tena, akasema hajapata mteja mwingine kama wewe, anayerudisha kaseti pamoja na maswali. Akanitolea hii mpya, akanionya: "Dada, hii ni ya nne lakini hadithi yake ndiyo ya kwanza. Wamerudi nyuma. Mzee wenu hapa bado kijana. Na usitarajie makubwa." Mimi nikacheka. Nilijua wewe ungemwambia nini: nani alianza kujenga nyumba kwa paa?

Nilikuwa na sababu yangu ya kuichukua. Unakumbuka swali lako. Mzee Ndolo (watu wa sinema wanamwita Dolan, lakini wewe ulishampa jina la Kikamba na likakaa) aliendesha ile meli ya angani iliyojaa watu wanaokimbia nyota yao iliyokauka. Ulipoiona ile nyota mpya waliyoshukia, vumbi, miiba, mbuzi wa ajabu wenye pembe tatu, ulisema, "Wamesafiri mbali hivyo wakashukia Kathonzweni?" Baba alicheka mpaka akashika mlango. Sasa, katika ukame wote huo, Mzee Ndolo akipewa maji, kabla ya kunywa alikuwa anamwaga kidogo chini. Kila mara. Wewe ukaniuliza, "Huyo anamwagia nani?" Nikakuambia sinema haikusema. Ukasema, "Kuna mtu wake alikufa kiu." Na alipobaki ndani ya meli inayoungua ili wengine watoke, ukaenda ukaomba akina mama wa kanisa wamwombee mzee mmoja aliyekufa mbali na kwao. Hukuwaambia ni wa video. Aiya, Susu! Waliomba kwa machozi.

Kwa hivyo Jumapili baada ya ibada nilikifunua kitambaa, nikakikunja vizuri, nikaweka kaseti. Mama alikuwa ameenda kuona mgonjwa. Baba alikuja akasimama mlangoni, futi yake ya kupimia nguo shingoni, palepale alipokuwa akisimama siku zote kutuambia kwamba hayo ni mambo ya shetani na tusogee kidogo aone. Safari hii hakusema kitu. Nami sikugeuka, niliogopa ataondoka.

Akatokea kijana mwembamba, hachechemei kama yule mzee, nywele nyeusi. Mtu akamwita, "Dolan!" Nikafungua mdomo kueleza kwamba hii ni ya zamani, ni mzee yule yule kabla ya kuzeeka. Baba akanitangulia.

"Huyo ni mjukuu wake," akasema. "Si unaona wamempatia jina lake?"

Nikaufunga mdomo.

Unajua, Susu, ukiitazama hivyo inakuwa sinema nyingine. Sikumbishia hata kidogo. Kijana akifanya ujinga, baba anasema, "Bado hajakomaa, lakini damu ni ile." Akishika usukani kwa mkono mmoja, baba anasema, "Umeona? Hakufundishwa hiyo." Alitoka mlangoni akaja kuegemea kabati. Halafu nikaona ameketi kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayesubiri kuondoka.

Kisha wakampa yule kijana maji, na mwalimu wake, mzee mwenye ndevu, akamshika mkono na kumwelekeza amwage kidogo. Nilisogea karibu. Hapa ndipo jibu lako lilipokuwa. Mwalimu akanong'ona, na ninyi wawili, wewe na baba, hamkuwahi kuwaelewa Wazungu wakinong'ona.

"Anasema nini?" baba akauliza.

Sumu, Susu. Anasema mwaga kidogo kwanza utazame kama udongo unatoa povu, ujue kama maji yana sumu. Basi! Miaka yote hiyo, maombi yote yale, kumbe ni kupima maji. Nilitamani kumrudishia Abdalla kaseti yake kichwani. Ukweli huo nakuambia wewe peke yako.

Baba nilimwambia, "Anamwambia amwagie babu yake."

Akaivua futi shingoni, akaizungusha kidoleni polepole kama afanyavyo akipiga hesabu ya kitambaa. Kijana kwenye sinema alikunywa, hadithi ikaendelea, milio ya risasi ikaanza, na baba hakuwa anatazama tena. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba chumvi:

"Mwaitu, rudisha nyuma hapo kidogo. Nataka kumwona tena akimwaga."

Sikuitika mara moja. Nilikuwa nangoja uitike pamoja nami kutoka chumbani. Mazoea tu. Kukawa kimya, nikasema, "Ee, baba," nikarudisha nyuma. Tulikiona kile kipande tena na tena, mpaka nikahofia utepe utakatika. Macho yangu yalikuwa yamejaa na yake pia, na sote tukalaumu vumbi la ile nyota.

Kaseti nimeirudisha leo. Abdalla aliuliza ilikuwaje. Nikamwambia ni ya kawaida, lakini inatazamika.

Sasa pumzika, Susu. Mkikutana huko siku moja, wewe na baba, usimwambie habari ya sumu. Mwache na mjukuu wake. Jioni hii nilipokuwa nikianza barua hii aliita kutoka barazani, uzi umemponyoka tena kwenye sindano na macho yake hayaoni tundu. Niliacha kalamu nikaenda, nikautunga, nikarudi hapa kumalizia. Nitafanya hivyo kila siku nitakayokuwa katika nyumba hii. Wewe tulia na magoti yako. Akiita, nitakwenda mimi.

Syombua mdogo