Klabu ya Shaba na Ajenda ya Nne

Mpendwa shemeji Ramiro,

Jumapili iliyopita tulifanya mkutano mkuu wa klabu yako bila wewe. Nakuandikia katika gazeti hili la watu wetu wa Brussels, mahali ambapo kila mtu atasoma, kwa sababu katika mkutano huo niligundua kosa langu, na mwandishi akikosea husahihisha mbele ya wasomaji.

Wengi wao walikufahamu kama yule Mchile mrefu, mume wa dada yangu Feza mwenye saluni karibu na Porte de Namur, aliyeongea Kiswahili cha Lubumbashi kwa lafudhi ya Kihispania. Wachache walijua kwamba ulikuwa katibu wa klabu ya mpira ya kulipwa ambayo haipo tena. Nitaieleza kama ulivyonieleza, bila kutia chumvi.

Ilianzishwa na wachimba shaba wa jangwani, kaskazini mwa Chile, katika chumba cha kulia cha mgodi. Uwanja haukuwa na unyasi hata mmoja. Kabla ya kila mechi wanachama waliumwagia maji ya chumvi ili udongo ushikamane, kisha wakaushindilia kwa pipa lililojazwa mawe. Jezi zilikuwa na rangi ya shaba. Klabu ilipanda hadi ligi ya kulipwa, na timu za mji mkuu zilichukia kwenda huko, kwa sababu mji uko juu sana na wageni waliishiwa pumzi kabla ya mapumziko. Haikuwahi kuchukua ubingwa. Hilo ulilisema mwenyewe, kabla mtu hajauliza.

Kisha shaba ikapungua, mgodi ukafungwa, watu wakahamishwa. Kampuni ikabandika tangazo kwenye geti la uwanja kwamba klabu imefungwa. Hakuna mwanachama aliyeulizwa. Miaka michache baadaye wanajeshi walishika nchi, nawe ukakimbilia Ubelgiji na nguo ulizovaa na daftari la kumbukumbu za mikutano. Osvaldo, aliyekuwa beki wa kushoto, alikuja baada yako. Sasa analinda mlango wa ofisi moja katika mtaa wa Schuman.

Siku uliponionyesha daftari hilo, Feza alikuwa akimsuka mteja. Nilikuambia kwamba sisi wa Katanga tunajua jambo hili: mgodi ukikohoa, mji mzima hulala kitandani. Klabu yako ilikufa, nikasema.

“Beau-frère, shemeji,” ukajibu, “mine, ule mgodi, njo ilikufa. Équipe, timu yenyewe, hakuna mutu aliizika.”

“Alors muizike!” dada akasema bila kuinua macho kutoka kwenye msuko. “Kila mwaka munakula ndizi zangu juu ya maiti.”

Ndipo ulipoeleza ulichotaka. Katiba ilisema klabu haivunjwi ila na mkutano wa wanachama wasiopungua watatu, baada ya kumbukumbu za mkutano uliopita kusomwa na kuthibitishwa. Hukutaka tangazo la getini liwe neno la mwisho. Lakini Mchile mwenzenu wa tatu, ambaye mlikuwa mkikutana naye kila mwaka, alikuwa amerudi kwao, mkabaki wawili. Uliniomba niingie. Nilikubali kwa sharti moja: ajenda ya nne iwe kuvunja klabu. Sikutaka kuweka sahihi yangu chini ya kitu ambacho hakina wachezaji, hakina uwanja, na sasa hakina hata mji. Ulisema, “Ni juste.” Tukashikana mikono.

Tangu hapo tulikutana kila mwaka, Jumapili moja baada ya ibada, kwenye chumba cha nyuma cha saluni, kati ya maboksi ya nywele za bandia. Uliongoza vizuri. Ulisoma kumbukumbu kwa Kihispania kwa ajili ya Osvaldo, ukanifupishia kwa Kiswahili, ukasimama kuwataja wanachama waliofariki. Tukifika ajenda ya nne uliangalia saa ya ukutani. “Bon, ndizi zinapoa. Ile ya ine tutaona mwaka kesho.” Ukaandika mistari michache, ukanisogezea daftari, nami nikasaini.

Kosa langu ndilo hilo. Mimi, mhariri ninayerudisha habari kwa mwandishi kwa sababu ya tarehe moja iliyokosewa, nilisaini miaka yote ile maandishi ya lugha nisiyoisoma.

Nakumbuka pia Kombe la Dunia la Ufaransa, Chile ilipocheza. Baa nzima ya Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, ilikuwa upande wako. “Tonton, leo siye bote bachile!” walipiga kelele, na mmoja akakuuliza mbona hushangilii. Ulikuwa unamuuliza Osvaldo nani kati ya wale vijana ametoka miji ya migodi. Mlimpata mmoja, nadhani kwa kubahatisha. Ukaridhika, ukanywa bia yako polepole.

Tulikuzika majira ya baridi. Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilifika saluni nikiwa na hakika kwamba sitakaa muda mrefu.

“Tuko wawili,” nilimwambia Osvaldo. “Akidi haijatimia. Hatuwezi hata kuivunja.”

Osvaldo alivaa miwani, akafungua daftari kwenye ukurasa wako wa mwisho, akaanza kunitafsiria kwa sauti. Ajenda ya tatu: mkutano umempokea Bi Feza kuwa mwanachama.

“Miye?” Dada alitoka upande wa mbele wa saluni na kitana mkononi. “Depuis quand?”

“Tangu mwaka jana, maman. Inaandikwa hapa.”

“Huyu mubwana! Na hakunambia!” Alicheka mpaka akakaa juu ya boksi, akafuta macho kwa taulo ya mteja.

Osvaldo aliendelea. Ajenda ya nne: kuvunja klabu. Waliounga mkono: hakuna. Waliopinga: wote. Akarudi nyuma mwaka mmoja, kisha mwingine. Maneno yalikuwa yale yale kila mwaka, na chini yake sahihi yangu, safi kabisa.

“Beau-frère,” Osvaldo akauliza kama katiba inavyotaka, akiniita kama ulivyoniita wewe, “kuko correction?”

Nilifikiri. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuinua mkono kupinga. Ukweli ni kwamba pia sikuwahi kuinua mkono kudai tupige kura, na kila ulipoangalia saa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusogeza kiti kwenye meza ya chakula. Uliandika ulichokiona. Ningekuwa wewe, ningeandika hivyo hivyo.

Nikasema sina masahihisho.

Tulipofika ajenda ya nne, Feza alitangaza kwamba ndizi zinapoa. Nilimwomba asubiri kidogo, nikaomba mikono iinuliwe, nikahesabu. Wamenichagua katibu, kwa hiyo niliandika mwenyewe, kwa Kiswahili: waliounga mkono kuvunja klabu, hakuna; waliopinga, watatu.

Lala salama, shemeji. Daftari liko kwenye droo ya vitana. Safari hii nilisoma kabla ya kusaini.

Shemeji yako,
katibu wa klabu