Bomba Halivuji Tena, Wala Maji Hayaji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila naomba kwa sauti ya chini kwa sababu mtu wa aina yangu kwa kawaida ndiye huombwa. Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, shule niliachia kidato cha pili, siyo kwamba sikuwa na akili, akili zilizidi darasa, na sasa nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi, napakia na kupakua, na mle ndani hakuna kitu nisichokijua jina, koki, elbo, soketi, tepu ya mabomba, niulize hata nikiwa nimefumba macho. Nakaa kwa dada yangu na shemeji, mama ndiye alinituma, alisema nenda ukamsaidie dada yako, ana mimba ya miezi saba na mumewe anatoka alfajiri, basi nikaja na begi langu na bisibisi yangu.

Sasa bomba la jikoni lilikuwa linadondosha, tip tip tip mchana kutwa, shemeji akasema ataita fundi, mimi nikacheka nikamwambia, "Shemeji, fundi wa nini na mimi nimo ndani? Aje mtu baki kukaza kitu cha kukaza?" Akasema, "Haya bwana, jikoni ndiko huko." Jumapili walipotoka nikainama chini ya sinki, nikaiona ile koki ndogo inayofunga maji ya kwenda jikoni, imeshika kutu, nikaizungusha kwa koleo, ikagoma, nikaikaza kiume, ikafunga, halafu kichwa chake chote kikabaki kwenye koleo. Nikakitazama, nacho kikanitazama. Lakini mwanamume haachi kazi katikati, nikafungua bomba, kile kimpira cha ndani kimeliwa, nikakata kingine kwenye ndala ya shemeji, pale kisigino ambapo hapatumiki sana, nikarudishia, nikakaza. Mshauri, halikudondosha hata tone! Waliporudi dada akapiga makofi, jirani yetu akaja kuona kwa macho yake, na tangu siku ile wananiita Injinia.

Tatizo ni kwamba walipolifungua nalo halikutoa tone. Mdomo wangu ukawahi kabla yangu, nikasema, "Hiyo ni presha. Maji hayapendi kona, na huku jikoni kona ziko tatu. Bafuni yanafika kwa sababu njia imenyooka." Shemeji, ambaye ni karani na amesoma mpaka chuo, akatikisa kichwa akasema, "Kweli, presha." Watu waliosoma ukiwapa neno presha wanatulia kabisa.

Leo ni wiki ya tatu. Maji ya jikoni yanachotwa bafuni kwa ndoo, asubuhi najaza mimi kabla ya kwenda kazini, usije ukadhani nimekaa tu, lakini ikifika saa nne yamekwisha, ndipo dada anachota mwenyewe, ya kupikia, ya vyombo, mkono mmoja ndoo na mwingine kiunoni. Juzi kliniki walimwambia miguu imevimba, apunguze kubeba vitu vizito, akaja akanisimulia huku anacheka, "Mdogo wangu, bila wewe humu ndani sijui ningekuwaje." Siku hiyo chakula hakikunishuka vizuri, nadhani chumvi ilizidi.

Shemeji naye amekwenda kugombana na baba mwenye nyumba mara mbili kwa ajili ya presha yangu, na sasa Jumamosi mzee anakuja na fundi wake, na shemeji ametangaza mbele ya majirani, "Injinia wetu ndiye atakayemweleza huyo fundi." Mshauri, fundi akiinama chini ya lile sinki mara moja tu, akaiona koki imefungwa na haina kichwa, mimi nimekwisha. Nimefikiria nisingizie panya, au Ijumaa nipate safari ya ghafla. Dada akijua atanirudisha kwa mama, na jina la Injinia ndiyo kwaheri. Nijibu kabla ya Jumamosi, na tafadhali usitaje bomba wala sinki, maana dada husoma ukurasa wako kila Alhamisi jioni, tena gazeti namletea mimi nikitoka kazini. Andika tu kwamba kijana mmoja ana tatizo la kiufundi.

Ni mimi,
Injinia

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Injinia,

Nimeruka watu watatu walioachwa na wachumba wao ili nikujibu wewe wiki hii. Hao mioyo yao inavuja, lakini angalau hawajamwambia mtu kwamba ni presha.

Nianze na sifa, maana najua ndizo chakula chako. Kubadili kimpira cha bomba ni kazi ya kufanya mwenyewe nyumbani, na hukukosea kujaribu. Kufunga maji kwanza ndivyo inavyotakiwa. Wapo mafundi wenye mvi wanaosahau. Koki yenye kutu kukatika humpata yeyote, ingawa siku nyingine itie mafuta kidogo, subiri, kisha izungushe polepole mbele na nyuma. Kutu haijui kiume. Hata ile ndala nakusamehe, japo mwenyewe bila shaka anatembea kisigino kimoja kikigusa sakafu na bado hajauliza.

Siku ile ile ungesema, "Dada, nimevunja," leo ingekuwa hadithi ya kuchekea kwenye chai. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ufa uliuziba kwa maneno, na ukuta anaubeba dada yako, ndoo kwa ndoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Uinjinia umeutembeza toka mwanzo mpaka sahihi, lakini miguu ya dada yako uliipita mbio kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Na chumvi haikuzidi, mwanangu. Kilichokukaba kilikuwa kooni kabla hujanawa mikono. Nafurahi kilikukaba, angalau najua naongea na mtu.

Halafu panya! Panya gani huyo anayetumia koleo? Na safari ya Ijumaa maana yake ni kumwachia dada yako ndoo, aibu na tumbo, vyote kwa mpigo.

Sasa sikiliza. Wiki tatu unapita mbele ya rafu nzima ya koki, tena unazijua majina. Kesho nunua moja ya kipimo cha nyumbani kwenu, tepu, kimpira halali, na ndala pea moja. Koki usiifunge wewe. Fundi akija Jumamosi, mweleze ulichofanya bila kona hata moja, kisha mshikie tochi, umtazame anavyofunga maji kule kwenye mita, na umuulize mpaka achoke. Kwa baba mwenye nyumba nenda kesho jioni na shemeji yako, ila wewe ndiye uongee. Yeye ameshaongea vya kutosha kwa niaba yako. Na mpaka maji yarudi, omba ruhusa mchana urudi kujaza vyombo vyote, hata sufuria.

Uliniomba nisitaje bomba. Nimelitaja, pamoja na sinki na ndala. Sasa hivi gazeti hili umelishika wewe, umesimama nalo nje ya duka, na jasho naliona kutoka huku. Usiuchane ukurasa, dada yako ataona pengo na ataazima gazeti la jirani. Liweke kwapani, nenda moja kwa moja. Mwambie kwa mdomo wako kwanza, ndipo umpe asome. Kukurudisha kwa mama sidhani, ila atafoka. Mwache afoke mpaka amalize, na akicheka katikati usimsaidie.

Lakini kabla hujafungua mdomo, ipokee ile ndoo mkononi mwake, igeuze kichwa chini, aikalie.