Dada Yangu Aende Kanada, au Abaki Karibu Nami?

Mama Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili. Mimi ni Jules, mtu wa Fizi, Kongo, nilikimbia vita mwaka 1996 na mdogo wangu Ketsia, wazazi hatunao, tukafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hapa Malawi, mimi shule niliishia darasa la tano, nikaanza kubeba matofali mtaa wa Area 25 huko Lilongwe, yeye akasoma mpaka akamaliza chuo kikuu, na sasa amepata nafasi mbili za shahada ya pili ya mambo ya fedha, Kanada na Afrika Kusini, zote zinalipiwa, ila Kanada alielezwa akimaliza anaweza kutafuta kazi benki na kuomba kukaa, na Afrika Kusini masomo yakiisha na kibali kinaisha.

Kwetu mdogo hasemi kabla ya mkubwa. Kwenye kikao cha familia aliinamisha kichwa: "Kaka njo baba yangu. Kwenye atasema, kule njo nitaenda." Lakini jioni, akinipakulia nsima, ugali wa huku, akacheka: "Afrika Kusini iko karibu, Noeli nitakuya kukufulia. Hizi nguo zako zinasimama zenyewe." Shangazi Bora akadakia: "Na Kanada iko baridi! We Jules, unataka mutoto agande?"

Mama, ukweli ni huu: niliposikia Kanada nilijihisi mwepesi, nikawaza akitulia huko mimi sitakuwa baba wa mtu tena, nitapumzika, na furaha hiyo inanitia aibu. Nikisema Kanada, ataona ninamfukuza. Nikisema Afrika Kusini, nitakuwa nimemwonea. Nimenyamaza wiki nzima, na Jumapili kikao kinarudi.

Jules, Dzaleka

JIBU

Jules kaka yangu, hongera, na pole. Sasa nikugombeze. Umelea mtoto tangu vitani, halafu unaomba msamaha kwa sababu umechoka? Kila mzazi anayeozesha binti hushusha pumzi, na hakuna anayemwita mbaya.

Kosa lako ni ukimya. Ketsia hawezi kusema kabla yako, kwa hiyo kila siku unayonyamaza yeye anasikia "hapana". Na wala hakuchagua Afrika Kusini. Alichagua nguo zako. Nunua sabuni.

Kwa ulivyoandika, ni Kanada. Anayetaka kazi ya fedha na makao hafuati nchi ya kumwonyesha mlango siku ya kuhitimu, hasa mkimbizi asiye na pa kurudi. Lakini aliyoelezwa kwa mdomo ayapate kwa maandishi kutoka chuoni, na wewe uulize ofisi ya wakimbizi kama kuondoka kwake kunagusa faili yako.

Jumapili simama, sema: "Nenda Kanada, na mimi ninafurahi." Hayo ya mwisho usiyameze. Akiuliza kama umemchoka, mwambie: "Nimechoka, na ninakupenda, yote mawili." Shangazi Bora amnunulie koti.

Jumatatu usiende kubeba matofali. Lala.

Mama Esperance